Pilipili haimfanyi mbwa kuwa mlinzi

SWALI: Daktari, shikamoo. Tumehamia Nzuguni mwaka jana, nyumba yetu iko pembezoni na usiku kuna giza. Nina watoto watatu, wa miaka 3, 7 na 10. Mume wangu amenunua kitoto cha mbwa cha mwezi mmoja, tumeambiwa baba yake ni mbwa wa polisi. Muuzaji anasema tumfunge mnyororo mchana kutwa, tusimzoeshe watu, na baadaye tumchanganyie pilipili kwenye ugali ili awe mkali. Kuna pia kijana anayesema atamchukua wiki mbili amrudishe akiwa amefuzu. Watoto wameshampenda. Tufanyeje?
Mama wa watatu, Dodoma

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na pilipili, maana haipiti wiki bila kuletewa mbwa ambaye mwenyewe aliambiwa maneno hayo hayo. Wengine wanaambiwa bangi, wengine nyigu, wengine baruti. Pilipili haiendi kwenye tabia ya mbwa, inaishia tumboni. Inamuunguza, anatapika, anaharisha. Mbwa mwenye maumivu hataki kuguswa, na huyo mwanao wa miaka 3 ndiye atakayekwenda kumgusa. Akishang'atwa, muuzaji atasema dawa imeshika.

Mnyororo wa kutwa nzima unanikera zaidi, kwa sababu hata watu wenye elimu zao wanauamini. Mnyama akitishika ana mambo mawili: akimbie au apigane. Ukimfunga umemwondolea la kwanza. Watoto wa mtaani wanamrushia mawe, jua la Oktoba liko utosini, bakuli la maji limepinduka tangu asubuhi. Usiku anafunguliwa, anamrukia kila anayesogea, na mwenye nyumba anafurahi kwamba sasa ameiva. Huyo si mkali, ni mwoga. Mbwa mwoga hamtofautishi mwizi na mgeni. Mwizi ni mtu mzima, anakuja na rungu au na nyama yenye sumu. Anayeng'atwa ni mtoto wa jirani aliyekuja kuazima daftari.

Nimekulia upande wa Chamwino, kwenye maboma ya wafugaji. Mbwa wetu walishinda malishoni na sisi watoto, wanalala kivulini tukilala, na usiku fisi akisogelea zizi walipiga kelele mpaka boma zima likaamka. Hakuna aliyewalisha pilipili. Walijua watu wa boma ni nani na siku ya kawaida inakuwaje, kwa hiyo jambo geni walilitambua mara moja. Ulinzi unaouhitaji Nzuguni ni huo wa kubweka kwa wakati.

Sasa kitoto chenyewe. Mwezi mmoja ni mapema mno; kirudi kwa mama yake mpaka kifikishe wiki 8. Katika wiki hizo vitoto vinafundishana kupima meno: kimoja kikimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakatika. Ukikiondoa kabla, somo hilo kitalifanyia kwenye mikono ya wanao. Nendeni wenyewe mkamwone mama yake. Kama ametulia mkiwa karibu na anakubali mwenye nyumba amshike, chukueni kitoto chake kinachowafuata wenyewe na kisichohangaika mkikigusa masikio na miguu. Muuzaji akisema mama hayupo, achaneni naye. Habari ya baba kuwa mbwa wa polisi isiwababaishe. Mbwa wa aina hiyo anahitaji kazi na mazoezi kila siku, na manyoya yake ni mazito kwa joto letu. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, akilelewa vizuri anaifaa nyumba yenye watoto.

Ushauri wa kutomzoesha watu ndio mbaya kuliko yote. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14, akili ya kitoto iko wazi kupokea vitu vipya. Aone bodaboda, wanaume wenye kofia, akina mama wenye mitandio, wanafunzi wakitoka shule. Mpaka chanjo zake zikamilike mbebeni mikononi, msimwachie chini penye mbwa wengine, maana ugonjwa wa pavo unaua vitoto vingi.

Huyo kijana wa wiki mbili msimpe pesa. Mbwa atarudi akimtii yeye na fimbo yake. Mfundisheni wenyewe, dakika 5 mara mbili au tatu kwa siku, kwa vipande vya dagaa, na neno moja kwa jambo moja: kaa, njoo, acha. Mwanao wa miaka 10 anaweza kabisa kufundisha "kaa" ukiwa karibu. Wa miaka 3 asiachwe naye peke yake hata kidogo. Wote watatu wasimsogelee anapokula au anapolala.

Na akinguruma, msimpige. Kunguruma ni kusema "niacheni". Mkimpiga ataacha kunguruma, lakini hofu itabaki, na siku nyingine ataanza moja kwa moja na meno. Wanaoniambia "alimng'ata mtoto ghafla, hakuonyesha dalili yoyote", nikiwauliza vizuri nakuta dalili walizifuta wenyewe kwa fimbo.

Hapa niseme na wote, si wewe tu. Kuna watu wanapita mitaani na kichupa mfukoni wakijiita madaktari wa mbwa. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyotembea mfukoni kwenye jua la Dodoma haimkingi mbwa, na mwenye mbwa analala akidhani yuko salama. Chanjo ya kichaa cha mbwa ifanywe na mtaalamu wa mifugo, akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi muitunze. Anzieni kwa afisa mifugo wa kata yenu. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mtoto aking'atwa, msipake mafuta ya taa, msiweke pilipili wala jiwe jeusi. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, na sindano zote alizopangiwa azimalize. Mbwa aliyeng'ata, akiwezekana kufungiwa salama, msimuue. Mwiteni mtaalamu amwangalie kwa siku 10. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, hakuwa na virusi kwenye mate siku ile aliyong'ata. Lakini sindano za mtoto hazisubiri siku hizo ziishe.