Nepal si Marangu

Wiki hii barua karibu zote ni za wanachuo wanaopanga safari ya pamoja kwenda Nepal, na nusu yake zinauliza jambo moja. Naanza nalo.

Shikamoo mzee. Sisi tumeshapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hadi Uhuru, mita 5,895. Kambi ya chini ya Everest ni mita 5,364 tu. Kwa nini tulipie siku za kukaa bure Namche, mji wa njiani? (Wanachuo sita, Moshi)

Marahaba. Hiyo "tu" ndiyo inayonitisha. Pale Uhuru mlikaa muda gani? Mlipiga picha kwenye kibao, mkateremka mbio, na usiku huohuo mkalala Horombo, mita 3,720. Kule Khumbu, eneo la Everest, hakuna kuteremka namna hiyo: leo mnalala juu, kesho juu zaidi, wiki nzima. Ndege ya Lukla inawashusha kwenye mita 2,860 kabla hamjapiga hatua, na Namche ni 3,440. Ukishavuka mita 3,000, kitanda cha leo kisipite cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne mnalala palepale. Hizo siku za Namche si za kukaa bure, ni za mwili kuzoea hewa nyembamba. Mchana mnapanda, jioni mnarudi kulala chini. Anayeumwa kichwa na kutapika haendelei. Anayeyumba kama mlevi anateremshwa usiku huohuo, kundi linune lisinune. Na Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, si kibali cha kukimbia. Wanepali wana neno lao, "bistarai", nalo ni "pole pole" yetu ileile mnayoichekea.

Likizo yetu ni Julai hadi Septemba. Hali ya hewa ikoje?

Mvua, ruba, mawingu na maporomoko. Milima inaonekana vizuri Oktoba na Novemba, au Machi hadi Mei. Kama chuo hakiwapi nafasi nyingine, acheni Everest mwende Mustang ya chini: Jomsom, Kagbeni, Muktinath. Iko nyuma ya milima ya Annapurna na Dhaulagiri, na mvua nyingi huishia upande wa pili. Ila barabara ya kutoka Pokhara haijakingwa na mlima wowote, kwa hiyo wekeni siku mbili tatu za akiba. Muktinath Wahindu na Wabudha husali mahali pamoja, na mahujaji hupita chini ya mifereji 108 ya maji ya barafu. Mkitafuta utamaduni, ndio huo.

Sherpa mmoja anabeba mizigo ya watu wangapi?

Mchaga mmoja anabeba mizigo ya watu wangapi? Umeona swali lilivyo. Sherpa ni kabila. Wako wakulima, walimu, watawa na wenye hoteli. Mpagazi kwa Kinepali ni bhariya, na wengi hutoka mabonde ya chini, kwa hiyo mwinuko unawaumiza kama unavyowaumiza ninyi. Kikomo chao ni kilo 30, wakati kwetu Kilimanjaro ni 20. Mimi nilikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, kabla ya kushika kalamu, na mgongo wangu unajua tofauti ya kilo hizo kumi. Kabla ya kuomba punguzo, ulizeni atavaa viatu gani na atalala wapi.

Tukienda bila kiongozi tuokoe hela?

Hapana. Kanuni ya Aprili 2023 inawataka wageni wawe na kiongozi mwenye leseni. Mkibanwa, punguzeni siku, si kiongozi.

Chakula halali kinapatikana mlimani?

Kuleni dal bhat: wali, dengu na mboga, na mara nyingi mnaongezewa bure. Nyama achaneni nayo. Ng'ombe ni mnyama wa taifa, kumchinja ni jinai. Nyama ya kwenye momo (vifuko vya unga vilivyojazwa) huenda ikawa ya nyati, na hujui nani kachinja.

Tumetenga siku moja kujitolea kituo cha yatima Kathmandu na kupiga picha na watoto.

Ifuteni. Watoto wengi wa vituo vile wana wazazi hai. Waliondolewa vijijini kwa ahadi ya shule, kwa sababu mgeni mwenye huruma huja na dola. Siku hiyo nendeni Boudhanath, mahali patakatifu pa Wabudha, mlizunguke kuba likiwa mkono wenu wa kulia, pamoja na vikongwe wanaohesabu tasbihi. Pashupatinath nako, asiye Mhindu haingii hekalu kuu. Ng'ambo ya mto Bagmati mtaona maiti zikichomwa. Simu mfukoni. Nani alipiga picha mazishi ya bibi yako?

Kathmandu wametupita saa ngapi?

Mbili na dakika 45. Ndiyo, 45. Hii ni mara ya nne najibu.