Wasomaji Wanauliza: Kijiji cha Ufaransa Chenye Meya na Kisicho na Mkazi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari wilayani Magu. Tulipokuwa tukisoma Vita Kuu ya Kwanza, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba Ufaransa kuna kijiji kilichoangamizwa vitani ambacho hadi leo hakina hata mkazi mmoja, lakini kina meya. Darasa zima liliangua kicheko, nami nikaahidi kulifuatilia. Je, ni kweli? Kama ni kweli, kijiji hicho kiko wapi, kwa nini hakikujengwa upya, na huyo meya anamwongoza nani? – Mwalimu, Magu.

JIBU: Ndugu Mwalimu, waliocheka wanamdai mwenzao radhi. Vijiji vya namna hiyo havipungui sita, vyote katika mkoa wa Meuse, kaskazini-mashariki ya Ufaransa, kuuzunguka mji wa Verdun. Majina yake ni Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Haumont, Louvemont na Fleury-devant-Douaumont. Nitakueleza habari za Fleury, kwa kuwa ndicho kinachotembelewa zaidi.

Mto Meuse unapita Verdun ukielekea kaskazini, na upande wake wa mashariki kuna safu ya vilima vinavyotenganisha bonde la mto na tambarare ya Woëvre. Fleury kilikaa juu ya mgongo wa vilima hivyo, kilomita chache kutoka mjini, katikati ya ngome mbili za kijeshi, Douaumont upande wa kaskazini na Souville upande wa kusini. Kabla ya vita kilikuwa na wakazi zaidi ya 400, wengi wao wakulima, pamoja na mafundi wa kawaida wa kijijini. Kulikuwa na kanisa, shule, mwoka mikate, mhunzi na kituo cha reli ndogo. Mtu asiye mwenyeji asingekuwa na sababu ya kukijua, na nadhani hata leo tusingekuwa tunakizungumza kama si mahali kilipokaa: atakayeushika mgongo ule anautazama mji wa Verdun kwa chini.

Wajerumani walianza mashambulizi yao tarehe 21 Februari 1916, na wanakijiji waliamriwa kuondoka mara moja, wakaacha mifugo na vyakula majumbani. Siku nne baadaye ngome ya Douaumont ilitekwa, na tangu hapo Fleury kikawa njiani. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Juni mizinga ya Kijerumani ilimwaga makombora ya gesi ya sumu dhidi ya mizinga ya Wafaransa, kisha askari wa miguu wakaingia kijijini. Kuanzia siku hiyo hadi katikati ya Agosti, kijiji kilitoka mkono huu kikaingia mkono ule mara 16, kwa hesabu inayotajwa na wengi. Tarehe 18 Agosti Wafaransa walipokikomboa moja kwa moja, hapakuwa na nyumba ya kukombolewa. Kuta zilikuwa zimegeuka kifusi, na kifusi kimepigwa hata kikachanganyika na udongo.

Mwanafunzi wa Magu anaweza kuyaweka mambo haya karibu na nyumbani kwake. Juni 1916, wakati Fleury kinaingiliwa, Waingereza walikuwa wamekwisha kuiteka Ukerewe, na Julai mwaka huo huo Wajerumani waliuacha mji wa Mwanza. Vita vilikuwa vile vile na adui ni wale wale, ila Mwanza ilihama mikono na majengo yake yakabaki, kwa sababu huku hapakuwepo mizinga kwa maelfu iliyolenga eneo la kilomita chache mwezi baada ya mwezi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwa nini hakikujengwa upya. Baada ya vita serikali ya Ufaransa iliyagawa maeneo yaliyoharibiwa kwa kadiri ya uharibifu, na yale yaliyoonekana kuwa gharama ya kuyatengeneza ingezidi thamani ya ardhi yenyewe yaliitwa kanda nyekundu. Fleury kiliangukia humo. Udongo wa juu, ule wenye rutuba, ulikuwa umefukiwa chini na mawe ya chini yametupwa juu. Ndani yake kulikuwa na makombora yasiyolipuka, kemikali za sumu na miili ya askari isiyohesabika. Serikali ilinunua ardhi hiyo, na watu wakaenda kuanza maisha kwingine. Kisha ikapandwa miti, misonobari kwa wingi, kwa kuwa mti huvumilia udongo ambao ngano haiuvumilii. Ukipita msituni humo leo utaona ardhi ina mashimo yaliyopandana, kila shimo ni alama ya kombora, na majani yameota juu yake. Wategua mabomu wa serikali bado wana kazi katika eneo la Verdun, na miili bado hupatikana: mwaka 2013 mabaki ya askari 26 wa Kifaransa yalifukuliwa hapo hapo Fleury.

Sasa meya. Komuni ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa za Ufaransa. Ziko takriban 35,000, nyingi zikiwa ndogo kuliko kijiji cha kawaida cha Usukumani, na asili yake ni sheria ya Desemba 1789, mwanzoni mwa Mapinduzi, iliyozipa parokia na miji ya zamani baraza na meya. Kwa utaratibu wa kawaida wananchi huchagua madiwani kwa kipindi cha miaka sita, nao madiwani humchagua meya miongoni mwao, jambo ambalo mkazi wa Jiji la Mwanza halitamshangaza. Utaratibu huo hauwezekani pasipo mpiga kura. Kwa hiyo sheria ya Oktoba 1919 iliamua kwamba vijiji vilivyoangamizwa visifutwe katika daftari la komuni wala visiunganishwe kwa lazima na jirani zao, bali kila kimoja kiwe na kamati ya watu watatu wanaoteuliwa na prefekti, ambaye ni mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa, mfano wa mkuu wa mkoa wetu. Mwenyekiti wa kamati hiyo ana mamlaka ya meya. Mara nyingi huteuliwa mtu mwenye asili ya kijiji au anayeishi jirani.

Anamwongoza nani? Hana raia wa kuwatatulia kero, lakini ana mipaka, ana mali na ana wajibu. Kamati hutunza njia, mnara wa majina ya waliokufa na kikanisa kilichojengwa kwenye kiwanja cha kanisa la zamani, na huandaa kumbukumbu ya kila mwaka inayowakusanya wajukuu na vitukuu wa wakazi. Mistari ya mitaa ya zamani imechongwa kuwa vijia kati ya mashimo, na kando yake vimesimamishwa vigingi vyeupe vinavyosema hapa palikuwa kwa mwoka mikate, hapa kwa mhunzi, hapa shuleni. Wazee wa kwetu wanaoyajua mahame yaliyoachwa wakati wa Operesheni Vijiji ya 1974, ambapo kaya iliyohamishwa hutambulika kwa ua wa minyaa uliobaki peke yake porini, wataelewa haraka kazi ya vigingi hivyo. Tofauti ni kwamba minyaa ilibaki yenyewe, ilhali Fleury kimebakizwa kwa uamuzi, na binafsi naona uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa kuliko wa huzuni: serikali haikutaka ramani yake ikubali kwamba mizinga ya adui imefuta komuni.

Vijiji vingine vitatu vilivyoangamizwa kule kule Verdun havikubaki tupu. Ornes kina wakazi wachache, na Douaumont na Vaux, vilivyorudiwa na watu kiasi, viliungana kuwa komuni moja mwaka 2019. Usivichanganye na komuni kama Rochefourchat, mkoani Drôme, iliyowahi kuhesabiwa mkazi mmoja tu, kwa sababu hiyo ilipungukiwa na watu pole pole kwa vijana kuhama milimani, si kwa vita.

SWALI: Je, Waafrika walikuwepo katika mapigano hayo, au yalikuwa ya Wazungu peke yao? – Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Walikuwepo. Kikosi kilichomaliza kazi ya kukikomboa Fleury mwezi Agosti kilikuwa cha jeshi la makoloni kilichobeba jina la Morocco, ingawa wengi wa askari wake walikuwa Wafaransa. Tarehe 24 Oktoba 1916 kikosi hicho hicho kiliirudisha ngome ya Douaumont, safari hii kikiwa pamoja na askari wa Afrika Magharibi, ambao Wafaransa waliwaita wote Wasenegali hata waliotoka kwingine, na kombania za Wasomali. Karibu na hapo liko jengo la mifupa la Douaumont, lililozinduliwa 1932, lenye mabaki ya askari wapatao 130,000 wasiotambuliwa, Wafaransa na Wajerumani pamoja, na mbele yake makaburi yapatayo 16,000. Ukumbusho mahususi wa askari Waislamu ulichelewa sana: ulizinduliwa na Rais Jacques Chirac mwezi Juni 2006, miaka 90 baada ya mapigano.