Maswali na majibu: Kuwasha taa kubwa kwa seti ndogo ya LED

Seti inayoulizwa sana ni ile ya taa za kukimbizana. Chipu ya NE555 inapiga mdundo, CD4017 inahesabu, na LED 10 zinawaka moja baada ya nyingine. Wengi wameshaiunganisha na inafanya kazi, sasa wanataka iwashe kitu kinachoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hamu hiyo naipenda sana, na gharama yake si kubwa, mradi chipu zibaki kutoa amri tu na mzigo ubebwe na kifaa kingine.

Fundi habari. Nimetoa LED moja, nikafunga balbu ya indiketa ya pikipiki mahali pake. Haiwaki kabisa, na balbu ni nzima. Tatizo nini?

Salama ndugu. Balbu ya wati 10 kwa volti 12 inavuta karibu miliampea 830. Mguu wa 4017 unatoa miliampea chache tu, zinazotosha LED. Hata NE555, yenye nguvu zaidi, mwisho wake ni 200. Nyuzi za balbu hazipati hata joto.

Weka swichi ya kielektroniki katikati. Transista ya BC547 inayokuja na seti nyingi haifai, kwani inaishia miliampea 100. TIP122, transista kubwa zaidi, itabeba, lakini inakula volti moja au zaidi na kuigeuza joto. Mimi nashauri mosfeti ya IRFZ44N, yaani transista inayofunguka (kupitisha mkondo) kwa volti zinazowekwa kwenye mguu wake wa geti; miguu mingine miwili ni sosi na dreni. Kutoka mguu wa 4017 pitisha rezista ya omu 220 hadi kwenye geti. Kati ya geti na hasi weka rezista ya 10k (omu 10,000), ili taa isijiwashe yenyewe bodi ikiwa imezimwa. Sosi iende hasi. Dreni iende upande mmoja wa balbu, na upande wa pili wa balbu uende moja kwa moja kwenye chanya ya volti 12.

Sababu nyingine ya kuchagua mosfeti ni kwamba nyuzi za balbu zikiwa baridi zinavuta mkondo mara kumi hivi ya ule wa kawaida, kwa kitambo kifupi sana. IRFZ44N inaumudu mshtuko huo bila shida.

Nimefanya hivyo hivyo na IRFZ44N, bodi ikitumia volti 9. LED ya zamani niliiacha ili nione inavyokwenda. Taa kubwa inawaka hafifu na mosfeti inaunguza kidole. Nimeuziwa feki?

Feki zipo, lakini kabla ya kurudi dukani kugombana, chukua multimita. Zungusha kirekebisha kasi hadi mwendo uwe wa polepole kabisa. Weka waya mweusi kwenye hasi na mwekundu kwenye geti, kisha subiri zamu ya taa hiyo. Ulitegemea volti 9, lakini huenda ukakuta 4 au 5.

Anayezila ni hiyo LED uliyoiacha. Seti nyingi zina rezista moja, mara nyingi ya omu 470, inayotumiwa na LED zote 10 kwa kuwa huwaka moja moja. Inaruhusu mkondo mwingi kuliko mguu wa 4017 unavyoweza kutoa bila volti kushuka. LED ikiwa peke yake huoni kasoro, kwa sababu yenyewe inahitaji volti 2 tu. Geti ndilo linaloumia. IRFZ44N huanza kufunguka kati ya volti 2 na 4, ila sifa yake ya ukinzani wa miliomu 17.5 imepimwa geti likiwa na volti 10. Ikifunguka nusu, inageuka pasi.

Toa LED hizo. Kama unazipenda kama ishara, badilisha ile rezista ya 470 uweke ya 10k. LED za siku hizi zitaonekana bado. Kisha lisha bodi volti 12 badala ya 9. NE555 inakubali hadi 16 na CD4017 hadi 15, ila soma kwanza maandishi ya kapasita. Iliyoandikwa 10V ibadilishe.

Anayelazimika kutumia volti 5 za chaja ya simu atafute IRLZ44N. Herufi ya tatu ni L, na hiyo hufunguka vizuri kwa volti 5.

Je, betri ya kisanduku ya volti 9 itatosha bodi na taa?

Bodi ndiyo, taa hapana. Taa zipe betri au adapta yake ya volti 12, halafu unganisha hasi ya bodi na hasi ya taa. Wengi husahau waya huo mmoja, na bila huo geti halijui volti zinahesabiwa kutoka wapi. Kama chanzo ni betri ya gari, weka fyuzi karibu kabisa na nguzo ya chanya. Ikipigwa shoti, betri hiyo inayeyusha waya.

Nina mikanda minne ya LED ya mita 5 kwa ajili ya bango la duka. Ninunue adapta ya ampea ngapi?

Mkanda wa 5050 (namba ya saizi ya LED zake) wenye LED 60 kwa mita hula wati 14.4 kwa mita. Mita 5 ni wati 72, sawa na ampea 6. Usizidishe kwa nne! Katika kukimbizana unawaka mkanda mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo adapta ya ampea 8 inatosha. Kila mkanda na mosfeti yake, yenye kipande cha bati la kupoza. Peleka nyaya kwenye ncha zote mbili za mkanda, la sivyo mwisho wake utafifia.

Shikamoo mwalimu. Tuko kidato cha tatu. Kwa maonyesho ya shule tunataka kukimbiza balbu za umeme wa nyumbani. Tutumie relei?

Marahaba. Relei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, na nyingi ndogo hukadiriwa kubadili mzigo wake kamili mara 100,000. Ikipiga kila sekunde, hizo hazifiki saa 28. Mafundi hutumia triaki ya BT136, swichi ya kielektroniki ya umeme wa nyumbani, ikiamriwa kwa mwanga na chipu ya MOC3041, lakini bati la mgongo wa BT136 lenyewe lina umeme wa volti 230. Mwanafunzi akiligusa akitafuta hitilafu, anaweza kufa. Tena balbu za LED za nyumbani zina kapasita ndani, haziwaki na kuzima papo hapo, kwa hiyo hata uzuri hamtaupata. Tumieni balbu za volti 12. Nawaomba kwa dhati, msilete volti 230 kwenye meza hiyo.

Nina taa nne tu. Zikimaliza zamu, giza linakaa muda mrefu. Nifanyeje?

4017 bado inahesabu hadi 10. Kata njia ya shaba inayounganisha mguu wa 15 na hasi, kisha lehemu waya kutoka mguu wa 10 hadi mguu wa 15. Taa zako zikae miguu ya 3, 2, 4 na 7, kwa mpangilio huo. Usiache kukata kwanza, maana bila hivyo mguu wa 10 utapigwa shoti na hasi.