Kishona nguo kwa mapunye ya mtoto

Dada, pole na mwanao. Umeuliza kama maji ya majani ya kishona nguo, aliyokushauri mama mkwe, yataponya mapunye kichwani kwa mtoto wa miaka 6.

Mama mkwe hajakosea kuhusu mmea wenyewe. Kishona nguo (Bidens pilosa) ni jamii moja na alizeti, na majani yake yana kemikali ziitwazo poliasetilini. Mojawapo, fenilihepitatriini, huua fangasi maabara, tena nguvu yake huongezeka sana ikipigwa na mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye jua. Bangi mwitu (Tagetes minuta), ile inayonuka ukiisugua vidoleni, ina kemikali iitwayo tertienili inayofanya kazi vivyo hivyo. Hapo ndipo ninapokuomba usimame kidogo: kinachounguza fangasi juani kinaweza kuunguza na ngozi ya mtoto.

Halafu tazama vizuri lile baka la mapunye. Vidoti vyeusi ukiviona hapo ni nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, na fangasi wamo humo ndani, hadi kwenye shina. Maji ya majani hayafiki huko. Hata krimu ya dukani peke yake haitoshi. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na apewe dawa ya kumeza. Griseofulvin, kwa mfano, hutumika wiki 6 hadi 8, na hufyonzwa vizuri ikiliwa na chakula chenye mafuta. Asiiache baka likianza kufifia.

Wakague na wadogo zake vichwa, na mashine ya kunyolea msichangie.