Kabla Hujalifungua Sanduku la Chombo cha Anga Ulichokitamani Utotoni

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, niliunganisha modeli yangu ya kwanza ya plastiki ya chombo cha anga kwa alasiri moja tu. Nilivinyofoa vipande kwenye fremu yake kwa vidole, nikavipaka gundi mpaka ikachuruzika, na kabla jua halijazama chombo kilikuwa mkononi mwangu kikiruka kutoka chumba hadi chumba, alama ya kidole gumba changu ikiwa imeganda kwenye ubavu wake wa kushoto. Miaka mingi baadaye nilinunua sanduku lenye picha ileile, nikiamini kwamba sasa, nikiwa mtu mzima mwenye zana na akili, kazi itakuwa nyepesi. Haikuwa nyepesi, na sababu ilikuwa ni kule kukikumbuka mno chombo chenyewe. Ukishakijua kitu kwa moyo unataka kukiona kimesimama, na mkono hutangulia mbele ya gundi na rangi, ambazo hazina haraka yoyote. Karibu kila kosa nitakalolieleza hapa nililifanya kwa kushindwa kungoja.

Amua kwanza kama unalitaka sanduku lenyewe la utotoni au unakitaka chombo kilichochorwa juu yake. Kampuni ya AMT ya Marekani iliuza modeli ya Enterprise, chombo cha mfululizo wa televisheni wa Star Trek, tangu miaka ya 1960, na imeitoa tena mara nyingi. Modeli za asili ya zamani namna hiyo zina vipande vichache, maungio yasiyokutana sawasawa, na kazi nyingi ya kusugua. Modeli mpya za Bandai ya Japani, kama zile za vyombo vya filamu za Star Wars, hubanwa tu bila gundi, tena plastiki yake hutoka kiwandani ikiwa na rangi tayari. Kwa aliyekaa miaka mingi bila kushika kisu cha kazi hii, ningeshauri aanze na hizi mpya, kisha alirudie sanduku la kumbukumbu mikono ikishazoea. Angalia pia uwiano kabla ya kulipa. Enterprise ya kwanza, ambayo kwenye hadithi ina urefu wa mita 289, hutoka na sentimita 29 hivi katika uwiano wa 1:1000, lakini katika uwiano wa 1:350 inakaribia sentimita 83, na kitu cha ukubwa huo hakikai juu ya rafu ya vitabu.

Ukishalifungua sanduku, osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki huweza kubaki na mafuta yaliyotumika kuitoa kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kata kila kipande kwa koleo dogo la kukatia, mara mbili: mara ya kwanza mbali kidogo na kipande, mara ya pili karibu, kisha malizia kwa msasa. Ukikata mara moja tu kwa karibu, plastiki hukazwa na kuacha doa jeupe.

Gundi ndiyo inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Gundi ya plastiki haifanyi kazi kama gundi ya karatasi, kwani huyeyusha kingo za vipande viwili vya polistireni, yaani plastiki ya modeli hizi, zikachanganyika, na kimiminika kikishapaa zinabaki kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo jaribu kwanza kuviweka vipande pamoja bila gundi, uone vinakutanaje. Kisha vishikanishe, gusa mwanya kwa brashi yenye gundi nyepesi, na utaiona ikikimbia yenyewe ndani ya mshono. Bana taratibu mpaka utepe mwembamba wa plastiki laini uchomoze kote kwenye maungio. Utepe huo usiufute. Ndio utakaoziba mwanya. Vifunge vipande kwa mpira au vibanio vya nguo, uviache siku nzima au zaidi, halafu uupare kwa kisu na kuusugua kwa msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000, ukiutumia pamoja na maji. Mimi niliusugua mshono wa sahani kubwa iliyo sehemu ya juu ya chombo usiku uleule, nikaupaka rangi siku ya pili, nikafurahi. Baada ya wiki moja mstari mwembamba ulijitokeza kuizunguka sahani yote, kwa kuwa plastiki iliyokuwa bado laini ndani iliendelea kukauka na kunywea. Ilinibidi nianze upya.

Katika vyombo vya anga kosa la namna hii halina pa kujificha. Ndege ina mistari ya mabati inayomsamehe fundi, lakini chombo chenye umbo la sahani laini huonyesha kila mshono chini ya taa. Vyombo vyenye mgongo uliojaa mabomba na visanduku ni vipole zaidi kwa anayeanza. Mafundi waliotengeneza modeli za filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, walibandika juu yake vipande walivyochomoa kwenye modeli za kawaida za vifaru, ndege na meli, na ndiyo maana nyuso zile zinaonekana kama mashine halisi. Nawe usitupe masalio ya sanduku lolote. Nimewahi kufunika tundu baya kwa kipande cha injini ya kifaru, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Kwa madirisha na vipande vingine vinavyopitisha mwanga, usitumie gundi ya plastiki wala ile ya kukausha papo hapo, maana zote mbili zinaweza kuyatia ukungu usiofutika. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Kama unataka taa, ziamue kabla ya kufunga chochote. Taa moja nyeupe ya LED hutumia takriban volti 3, hivyo ukiiwasha kwa betri ya volti 9 unahitaji rezista, kipande kidogo cha kuzuia mkondo, ya kuzipokea volti 6 zilizobaki. Kwa mkondo wa miliampia 20 hiyo ni omu 300, na ya omu 330 inafaa na inapatikana kwa urahisi. Paka ndani rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake, la sivyo plastiki nzima itawaka kama kibatari. Halafu ziwashe kwa saa kadhaa kabla ya kufunga. Mimi niliziwasha kwa dakika mbili, nikafunga, na injini ya kulia ikazimika siku tatu baadaye. Iko gizani hadi leo.

Rangi ianze na praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu, ambayo hufichua mikwaruzo isiyoonekana kwenye plastiki tupu. Puliza tabaka nyembamba kadhaa, ukiwa mahali penye hewa na ukivaa barakoa ya kuzuia mivuke. Kuhusu rangi sahihi, mashabiki wamebishana kwa miongo kadhaa. Modeli ya Enterprise iliyotumika studioni, yenye urefu wa mita 3.4 hivi, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya anga la Smithsonian mjini Washington na ilirudishwa kwenye maonyesho mwaka 2016 baada ya ukarabati mkubwa, lakini rangi unayoikumbuka wewe ilipita kwanza kwenye taa za studio na skrini ya televisheni. Mimi nilichagua kijivu cha kumbukumbu yangu, na simwombi mtu radhi.

Mwisho ni stika za maji, yaani alama na namba zinazoloweshwa ili ziachane na karatasi yake, ambazo kwenye masanduku ya zamani mara nyingi huwa zimegeuka manjano. Ibandike karatasi yake kwenye kioo cha dirisha lenye jua kwa wiki kadhaa na manjano hayo yanaweza kufifia. Jaribu kwanza stika moja usiyoihitaji. Ikipasuka majini, zipake zilizobaki vanishi ya kung'aa kabla ya kuzilowesha. Chombo chenyewe nacho kipakwe vanishi ya kung'aa kwanza, kwa sababu stika ikikaa juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa chini yake na kumetameta vibaya. Vanishi isiyong'aa huja baada ya stika kukauka.

Chombo changu cha sasa kimesimama mezani kikiwa na namba upande wa kulia pekee. Upande wa kushoto niliupaka vanishi jana usiku, na sitaugusa kabla ya kesho jioni.