Barua kwa mwanangu kuhusu chuo cha Emanuel

Mwanangu Paskalina,

Salamu kutoka Mbulu. Mama yako anakusalimu na anasema goti limetulia. Barua yako tuliisoma pamoja, kisha nikaisoma tena peke yangu, kwa sababu ulichouliza si jambo la kujibiwa kwa simu huku mtandao ukikatika. Umeuliza kama ni aibu kwa mwanao Emanuel kukiacha chuo cha jirani na kwenu huko Marekani, ambacho kocha wake amekuwa akimfuatilia tangu akiwa na miaka kumi na minne, ili aende kucheza kikapu katika chuo kikubwa kilichojitokeza mwezi uliopita na kuahidi kumlipa kwa mwaka mmoja fedha inayozidi mshahara wako wa unesi. Wewe umeuliza habari ya aibu. Mimi, uniwie radhi, nitazungumzia ahadi, maana aibu ni ya moyo wa kijana mwenyewe, lakini ahadi za makocha wa Marekani nimezionja.

Kwanza nikuambie kwamba fedha siilaumu. Wakati sisi wakimbiaji tunakwenda kusoma huko, tukifuata nyayo za wenzetu Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, sheria ilikuwa kwamba mwanamichezo wa chuo asipokee chochote zaidi ya ada, chumba, chakula na vitabu. Nyambui alikuwa na medali ya fedha ya mita 5,000 aliyoipata katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na bado, kama mwanafunzi, hakuruhusiwa kumkodishia jina lake hata mwenye duka la viatu. Waliita hali hiyo uridhaa, na wakaisifia kana kwamba ni ibada. Lakini viwanja vilijaa, televisheni zililipa, na kocha wa mpira wa Kimarekani katika jimbo fulani aliweza kulipwa kuliko gavana wake. Uridhaa ulikuwa wa wanaokimbia tu.

Ukuta huo ulivunjwa na mahakama, wala si kwa huruma ya mtu. Ed O'Bannon, aliyekuwa mchezaji wa kikapu wa chuo cha UCLA, alikuta sura yake katika mchezo wa kompyuta ambao wengine walikuwa wakiuuza, akaishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mwaka 2009. Kesi zikafuatana. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Nilifurahi, Paskalina. Utakumbuka nilikupigia simu usiku, nawe ukadhani kuna msiba.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa maana ndipo swali lako linapoingia. Ilidhaniwa kwamba fedha hiyo itakuwa ya matangazo ya kweli: kijana avae viatu, apige picha na gari la muuza magari, asaini mipira dukani. Haukupita muda, matajiri wanaoshabikia vyuo wakaunda vikundi vya kuchangisha, na tangazo likabaki kisingizio. Kilichokuwa kinanunuliwa ni uamuzi wa kijana kuhusu chuo atakachokwenda. NCAA ilipojaribu kuzuia mazungumzo ya bei kabla ya mchezaji kujiunga, jaji wa Tennessee akaizuia Februari 2024. Kisha tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha suluhu ya kesi za wachezaji dhidi ya NCAA, ambayo ndiyo inayotawala leo: vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na wale waliocheza tangu mwaka 2016 wanagawana fidia ya karibu dola bilioni 2.8 katika kipindi cha miaka kumi. Sisi wa miaka ya themanini hatumo. Nimeiangalia orodha ya miaka mara mbili, mama yako shahidi.

Kwa hiyo kocha anayeketi sebuleni kwenu leo si yule aliyekuwa anaketi zamani. Wa zamani alikuwa na ufadhili wa masomo wa kugawa, na kwa kuwa kila mwenzake alikuwa nao, walishindana kwa mabweni mazuri na kwa maneno matamu. Wa leo ana bajeti. Amekwisha kupiga hesabu ya kila nafasi, na kwa kuwa wachezaji waliokwisha kuwa vyuoni wanaweza sasa kuhama kila mwaka bila adhabu alimradi masomo yao yako sawa, anajiuliza kwa nini ampe fedha kijana wa miaka kumi na saba ambaye hajapimwa, wakati anaweza kumnunua wa miaka ishirini na mbili ambaye ameonekana tayari, au kumleta kijana wa Ulaya aliyelelewa katika klabu ya kulipwa. Nafasi za timu ya kikapu katika vyuo vilivyoingia kwenye suluhu hiyo ni 15. Kwamba Emanuel ameitwa na wawili ni sifa kwake, na usiruhusu mtu amwambie vinginevyo.

Nirudi kwenye ahadi. Wazee walisema ahadi ni deni, nami nimekuwa nikiongeza, hata mkanicheka mezani, kwamba deni lazima liwe na mdaiwa. Ukiahidiwa, muulize anayeahidi: nikikudai, nitamdai nani? Mtazame Jaden Rashada, kijana wa California mwenye kipaji cha kurusha mpira wa Kimarekani. Aliahidiwa na watu wa upande wa chuo kimoja cha Florida mkataba ambao uliripotiwa kuzidi dola milioni 13. Kikundi cha wafadhili kikauvunja kabla hajaingia darasani, naye akaenda kwingine na mwaka 2024 akafungua kesi dhidi ya kocha na wengine, kesi ambayo wao waliipinga. Nani ana haki, sijui. Ninachokiona ni kijana aliyedhani anazungumza na chuo kumbe fedha iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Mimi mdaiwa wangu alihama. Mnalijua tukio hili nusu nusu, maana bibi yenu alipenda kulisimulia kama la furaha, basi nilisimulie mimi mara moja kama lilivyokuwa. Kocha aliyenichukua, wa chuo ambacho sitakitaja, aliniandikia barua kwa mkono wake, ile ya karatasi ya bluu inayokunjwa yenyewe, akisema nitasoma miaka minne bila kulipa senti. Baba yangu aliomba padre amtafsirie, akaitunza ndani ya Biblia. Hakuna aliyetuambia kwamba tangu mwaka 1973 sheria ya NCAA iliruhusu ufadhili wa mwaka mmoja mmoja tu, unaohuishwa kocha akipenda. Mpaka mwaka 2012 ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kutoa wa miaka mingi. Mwaka wangu wa tatu kano ya kisigino ilipasuka katika mbio za nyika, kwenye matope, hatua chache baada ya kuvuka kijito. Kabla haijapona, kocha yule akapata kazi nzuri zaidi katika chuo kingine, akaondoka bila kuaga. Aliyekuja baada yake alinipokea kwa heshima, akanisikiliza, na barua ya kuhuisha ufadhili haikuja.

Lakini hilo silo linaloniuma hadi leo. Vuli hiyo, wakati naosha vyombo katika bwalo la chuo ili nilipe ada, idara ya michezo ilitoa kalenda ya mwaka mpya, na katika ukurasa wa Oktoba nilikuwepo mimi, nimevaa fulana ya chuo, mdomo wazi, na huyo aliyenifuata nyuma amekatwa pembeni ili nionekane peke yangu. Iliuzwa dola tatu katika duka la vitabu. Nilikwenda ofisini kuomba moja ya kumtumia bibi yenu, na katibu, mama mwema kabisa, akanieleza kwa upole kwamba akinipa bure itahesabiwa kuwa ni faida ambayo mwanafunzi wa kawaida haipati, na chuo kinaweza kuadhibiwa. Nikasimama kwenye foleni ya duka nikiwa na harufu ya sabuni ya vyombo mikononi, nikanunua sura yangu. Hiyo ndiyo kalenda mliyoikuta ukutani kwa bibi yenu, iliyobaki Oktoba miaka yote, ambayo aliwaonyesha wageni akisema wazungu wamemchapisha mwanawe. Sikumwambia kamwe kwamba niliilipia. Alifurahi sana, na furaha yake ilinitosha kwa wakati ule. Sasa hivi, nikisoma kwamba mvulana analipwa kwa picha moja fedha ambayo ingenisomesha hadi udaktari, hainitoshi.

Kwa hiyo unaona kwa nini siwezi kusema Emanuel apuuze fedha. Jina ni lake. Amezaliwa huko, ana pasipoti ya huko, na hata katika jambo hili ana bahati ambayo wenzake wa kwetu hawana, kwa sababu mwanafunzi mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi za matangazo nje ya chuo. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya mitaani, alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022, na ili apokee fedha za wadhamini ilibidi asubiri timu yake ya Kentucky iende ziara Bahamas, ndipo apige picha za matangazo nje ya mipaka ya Marekani. Emanuel atakuwa na wenzake wa namna hiyo chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Asijivune mbele yao.

Halafu najibishana na nafsi yangu. Mnaujua msemo wangu, makocha huhama, shahada haihami, na nimeusema katika kila mahafali ya ukoo huu hadi mkwe wangu ameukariri. Kwa msemo huo ningesema aende chuo cha jirani, asome uhandisi anaoutaka, amalize. Lakini kocha wa jirani naye ni kocha. Miaka mitatu ya kumfuatilia mtoto, kumtumia ujumbe siku ya kuzaliwa, kukaa jukwaani wakati wa mvua, ni kazi yake anayolipwa, ingawa sikatai kwamba anaweza pia kumpenda. Akiitwa na chuo kikubwa kesho asubuhi, mchana atakuwa amefungasha. Basi uaminifu ambao Emanuel anadaiwa, anadaiwa na nani? Na upande wa pili, kijana akipata fedha hiyo kwa mwaka mmoja na kisha akahama, na tena akahama, masomo aliyofaulu chuo kimoja si lazima yahesabiwe yote katika kingine, hasa uhandisi, na anaweza kufika miaka ishirini na mbili akiwa na akaunti nzuri na nusu ya shahada. Hapo mama yako akaniingilia akasema nusu ya shahada na nyumba iliyolipiwa si maafa. Sikumjibu. Mimi nina shahada nzima, na paa la nyumba hii uliliezeka wewe.

Nikuombe nini basi? Hukumu sitatoa, ingawa unajua inanipa shida kuizuia. Naomba unitumie nakala ya huo mkataba wa chuo kikubwa, kurasa zote, pamoja na zile za herufi ndogo. Nataka kuona anayetia sahihi ni chuo chenyewe au kikundi cha nje, kwa sababu makubaliano na watu wa nje yakifikia dola 600 sasa ni lazima yapelekwe kukaguliwa, na yakikataliwa chuo kinaweza kusema hakikuhusika. Nataka kuona kinachotokea akivunjika mguu Januari. Nataka kuona kama akihama atatakiwa kurudisha fedha, na kama ufadhili wa masomo unasimama peke yake hata malipo yakikoma. Mtafute mwanasheria ambaye hakuletwa na kocha, na wakala yeyote anayetaka asilimia kabla ya kueleza kazi yake mwondoe mlangoni. Kocha wa jirani mpeni karatasi ile ile ya maswali, kwa adabu. Mtu aliyekuja nyumbani kwenu miaka mitatu hatachukia kuulizwa, na akichukia mtakuwa mmejifunza kitu.

Emanuel mwenyewe anipigie Jumapili baada ya misa, si wewe kwa niaba yake. Nitamuuliza kocha gani kati ya hao wawili amewahi kumtaja mwalimu wa hesabu wa chuo chake kwa jina. Mpe kazi ya kuulizia hilo kabla ya simu.

Baba yako