Kabla Hujalipia Mwanga wa Goti, Uliza Namba Mbili

Kwa miaka mitatu niliswali nimekaa kwenye kiti. Goti la kulia lilikuwa halikunjiki, na choo chetu nyumbani ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo kila siku niliianza kwa maumivu ambayo sikumwambia mtu. Picha ya eksirei ilionyesha gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imelika na mifupa imekaribiana. Nikaandikiwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuudhi tumbo. Ilinisaidia, lakini nina vidonda vya tumbo tangu ujana wangu, na baada ya miezi michache tumbo likakataa kabisa.

Naandika haya kwa sababu watu wengi wananiuliza kuhusu "ile tiba ya mwanga", na naona uchungu mtu akienda kulipia asichokijua kama nilivyofanya mimi.

Mara ya kwanza wifi yangu alinipeleka kwenye chumba kimoja cha tiba mtaani. Taa kubwa nyekundu, unalazwa, inamulika goti dakika ishirini, joto tamu. Nilitoka natembea vizuri, na ikifika jioni maumivu yapo palepale. Nilikuwa nimeshalipia mara kumi kwa mkupuo, hela yangu yote ya mchezo wa kupeana. Hakuna aliyenieleza kwamba ile ilikuwa taa ya joto tu. Joto lina faida yake, hulegeza misuli, lakini chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo ingenipa nafuu kama ile nikiwa kwangu.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia, kijana wa umri wa mwanangu. "Mama, mwanga ninaoutumia mimi hautakupasha joto," aliniambia. "Ukihisi unaungua, niambie haraka." Ni leza ya nguvu ndogo. Nilipomuuliza imetoka wapi, akanisimulia habari za Endre Mester, daktari wa Budapest kule Hungaria, ambaye mwaka 1967 alinyoa panya manyoya na kuwamulika kwa leza hafifu. Manyoya yakaota haraka kuliko ya wale ambao hawakumulikwa. Baadaye akaijaribu kwenye vidonda visivyopona. Maelezo ya watafiti wengi ni kwamba mwanga mwekundu, na ule wa infraredi usioonekana kwa macho, hupenya ngozi na kunaswa na mitokondria, pale seli inapotengenezea nishati yake, na kutokana na hapo uvimbe na maumivu hupungua.

Alikuwa na kifaa kama kalamu nene. Anakigandamiza pembeni mwa pia ya goti, anahesabu, anahamia nukta nyingine. Sikuhisi chochote, hata nikadhani hakijawashwa. Mara tatu kwa wiki, wiki nne. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu nilishuka kwenye daladala bila kushika mlango kwa mikono miwili.

Sasa hizo namba. Ya kwanza ni urefu wa wimbi la mwanga, unaopimwa kwa nanomita. Ya pili ni kiasi cha nishati kinachoingia kila nukta, kinachopimwa kwa juli. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa majaribio 22 ya leza kwa goti lililosagika, yenye wagonjwa zaidi ya elfu moja. Kwa ujumla maumivu yalipungua kama pointi 14 katika kipimo cha 0 hadi 100, kuliko kwa waliomulikwa kwa leza bandia, yaani kifaa cha kuigiza tu kisichotibu. Lakini nafuu hiyo ilitegemea kipimo: juli 4 hadi 8 kila nukta kwa mwanga wa nanomita 785 hadi 860, au juli 1 hadi 3 kwa ule wa nanomita 904. Waliopewa nje ya vipimo vilivyopendekezwa hawakutofautiana na wale wa leza bandia. Kwa hiyo anayekuambia "mashine yetu ni ya kisasa" tu, muulize hizo namba. Akishindwa kuzitaja, vaa viatu vyako urudi nyumbani.

Vaa miwani ya kukinga macho, na mhudumu naye avae. Sema mapema kama una mimba, kama una au umewahi kuwa na saratani, au kama unatumia dawa zinazofanya ngozi idhurike upesi na mwanga, mojawapo ikiwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mama yangu mdogo ana baridi yabisi ya vidole, ambayo si ugonjwa kama wangu. Kwake kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo. Leza inaweza kumpunguzia maumivu kwa muda na kule kukakamaa kwa viungo asubuhi, lakini haizuii viungo kuharibika. Aliposikia mimi nimepata nafuu akaacha methotreksati, dawa yake ya baridi yabisi. Nilimsihi, akarudi kwa daktari baada ya miezi mitano, vidole viwili vikiwa vimeshapinda. Jamani, kama dawa yako ni ya baridi yabisi, usiiache kwa sababu ya mwanga wowote.

Mwanga haukunirudishia gegedu. Ulichonipa ni majuma ambayo goti lilitulia, na kijana yule alinisisitiza niyatumie kuimarisha paja. Nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu, nahesabu hadi kumi, nashusha. Mara kumi na tano kila mguu, asubuhi na jioni. Nimepunguza kilo sita pia. Watafiti wa Marekani walipima wakaona kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua, na kwa kweli hilo nimelihisi kuliko hata leza yenyewe. Miezi miwili baada ya kumaliza, maumivu yalirudi kidogo, nikaenda tena mara sita.

Alfajiri bado naswali kwenye kiti, goti likiwa limekaza. Adhuhuri mpaka isha nashuka chini kwenye mkeka.